Mtani Wangu na Mpagazi wa Kitabuni

Bibi yangu mzaa baba alikuwa akiigeuza picha ili aone visogo vya watu.

Ngoja nieleze vizuri. Nikiwa mtoto alikuja kijijini kwetu mpiga picha mwenye baiskeli, kamera kaifunga kwenye tenga kama kuku wa kuuza. Ukoo mzima ukavaa. Baba akaazima koti la jirani, na jirani naye akajipenyeza kwenye picha, kasimama nyuma ya baba, koti lake lisitoke machoni pake. Bibi peke yake alikataa. Alisema hawezi kuingia mahali ambapo haoni mlango wa kutokea. Picha iliporudi kutoka mjini tukaigombania, kila mtu anajitafuta. Bibi akaipokea, akaitazama mbele, kisha akaigeuza. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Migongo yao iko wapi?" akauliza.

Tulicheka mpaka baba akatutoa nje na fimbo. Bibi akasema, "Chekeni tu. Mtu asiye na kisogo huyo si mtu, ni uongo."

Akafa hajajibiwa. Mimi nikazeeka, nikaja mjini, nikauza asali, na wala nisingemkumbuka bibi na kisogo chake kama si mpangaji wangu, yule Mzaramo. Siku moja hapa hapa Tabora, uani kwangu mtaa wa Ng'ambo, alinionyesha mtu aliyetoka kitabuni, mtu ambaye unaweza kumzunguka ukaona kisogo chake, mgongo wake na, mnisamehe, makalio yake pia.

Jina lake silitaji. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yangu. Nilimwita Mzaramo miaka yote, naye akaniita Mnyamwezi, tena siku akiwa na adabu. Siku alipokuja kutafuta chumba alinikuta nachuja asali. Akainama kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee wangu, wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Akanyooka kama aliyechomwa na mwiba. "Basi nirudishie shikamoo yangu. Sikujua kama nasalimia mbeba mizigo."

Nikampa chumba papo hapo.

Kwa msomaji wa mbali asiyejua mambo haya, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Babu zetu walitoka hapa Tabora na pembe za ndovu mabegani, wakatembea mpaka pwani, wakawafikia Wazaramo miguu imevimba kama viazi, Wazaramo wakawacheka. Babu zetu nao wakawacheka Wazaramo, kwamba watu wazima wanashinda ngomani jembe limeegemea ukuta. Wakatukanana hivyo mpaka wakawa ndugu. Mtani akiingia kwako akamkamata kuku wako akamchinja, ukikasirika wewe ndiye unayeaibika. Na msibani ndiko kwenye kazi yake hasa. Wenyewe wanalia, yeye anamsema marehemu, anajilaza njiani, anazuia jeneza, mpaka watu wanacheka machozi yakiwa bado shavuni. Liwekeni hilo kichwani. Nitalirudia, maana ndilo lililomponza.

Sasa huyo mtu alivyokuwa. Alivaa tai. Alikwenda bafuni na tai. Aliogopa nyuki kuliko anavyomwogopa Mungu, lakini asali alikula hata juu ya wali, na kila alipokula alilalamika kwamba Wanyamwezi tunawaibia wadudu. Wali wenyewe aliuunguza kila wiki. Mtu mwingine angekwangua ukoko akala. Yeye aliusimamia ule wali ulioungua, mikono kiunoni, anajisemea, "Kuna hatua hapa nimeiruka." Kisha anapika mwingine, na ule ulioungua anauleta mlangoni kwangu: "Mnyamwezi, chakula chako cha safari."

Tena alikuwa akipotea. Hapa Tabora! Mtu anayefundisha watoto njia ya misafara hadi baharini, akitumwa maduka ya Mtendeni kununua betri anarudishwa na bodaboda. Nikimcheka anasema, "Njia naijua. Ni huu mji wenu uliojengwa na watu waliochoka."

Kitabu chenyewe nikieleze. Kililetwa shuleni na vijana kutoka Dar, pamoja na vishikwambi. Hilo ndilo jina lake siku hizi, kile kioo bapa kama simu iliyonenepa. Kwangu mimi ni jina linalomfaa mdudu wa kwenye maharage. Ukikitazama kitabu kwa macho matupu ni kitabu tu, kurasa zina ramani ya ile njia ya zamani, imechorwa miraba miraba: huu mraba pori, huu mto, huu kambi. Lakini ukielekeza kishikwambi juu ya ukurasa, pale kwenye kioo mpagazi ananyanyuka kutoka kwenye karatasi, mrefu kama kidole, pembe ya ndovu begani, anasimama. Anangoja. Hafanyi kitu mpaka aambiwe. Mtoto anapanga kadi mezani, mbele, mbele, kulia, rudia, na mpagazi anatembea vile vile kadi zilivyopangwa. Ukikosea anaingia mtoni, anasimama humo humo, maji kifuani, anakutazama kwa heshima.

Alinionyesha siku alipokuja nacho nyumbani kujiandaa. Nikamwangalia yule mpagazi ndani ya mto.

"Huyu si babu yangu," nikasema. "Babu yangu angetua mzigo akauliza chakula kiko wapi."

"Ndiyo maana huyu nampenda kuliko babu yako."

Kisha akaniambia nizunguke. Nikakishika kile kidude, nikazunguka kibao alipokiweka kitabu, mwili wangu unazunguka na mpagazi naye kwenye kioo anageuka, mpaka nikawa nyuma yake. Kisogo kile. Mgongo. Jasho wamemchorea. Kwa kweli nilikaa chini. Mzaramo akadhani moyo wangu umesimama, akaanza kuita majirani. Nikamwambia hapana, namkumbuka bibi tu.

Alichokuwa akifundisha alikiita kufikiri kikompyuta. Kompyuta yenyewe shuleni haikuwepo. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msinitegemee sana, lakini kama nilivyomwelewa ni hivi: kazi kubwa ivunje vipande, angalia kipi kinajirudia, panga hatua zifuatane, na mambo yakiharibika usilie wala usimpige mtu, rudi nyuma utafute ni hatua ipi iliyokosewa. Na alikuwa na msemo wake, alioupigia kelele darasani mpaka mimi huku uani nausikia: "Mashine haina mtani!" Alinifafanulia jioni moja. "Mimi nikikuambia, Mnyamwezi, kafie mbele, unajua nimekuuliza umeamkaje. Mashine nikiiambia ikafie mbele, inakwenda mbele, inakufa. Kwa hiyo watoto wenu lazima wajifunze kusema wanachotaka. Na hilo kwa Wanyamwezi ni gumu."

Siku ya mzinga sitaisahau.

Alinialika darasani, darasa la sita, alimokuwa mjukuu wangu Tatu. Nikavaa kanzu. Akawaambia watoto, leo mzee atatoa amri za kurina asali, na mimi ni mashine. Uwanjani kulikuwa na mjohoro mkubwa, tumeuning'iniza juu mzinga mtupu wa gome, maana wenye nyuki asingeusogelea. Nikaanza kwa maringo, kazi nimeifanya tangu ujana. Nikasema, "Panda mti." Akaenda akaupanda ule mjohoro wa kando, usio na mzinga. Watoto hoi. Nikasema, "Mti wenye mzinga, wewe!" Akashuka, akapanda wenyewe, na tai yake. "Washa moshi." Akanitazama kutoka juu: "Na nini?" Kienge cha kufukizia nyuki nilikuwa nimekiacha chini, sikumwambia akichukue. Nikamrudisha chini, akachukue kienge, apande tena. "Fungua mzinga. Toa masega. Weka kwenye ndoo. Funga mzinga. Basi, umemaliza."

Watoto wakapiga makofi. Nikageuka kwenda kukaa. Nyuma yangu nikasikia, "Amri nyingine?"

"Nimesema umemaliza!"

"Amri nyingine?"

Nikadhani utani. Nikamwambia akae huko huko na nyani wenzake. Akakaa. Kengele ya uji ikalia, watoto wakaenda, wakanywa, wakarudi, mtu yuko juu ya mti na ndoo yake, tai inapepea. Mwalimu mkuu, mama mmoja mnene asiyependa mchezo, akatoka ofisini na wageni, akasimama chini ya mti.

"Mwalimu, unafanya nini huko?"

"Nangoja amri, mkuu."

Ni Tatu ndiye aliyepiga kelele, "Babu! Hukumwambia ashuke!"

Na kweli. Maisha yangu yote ya kurina asali sijawahi kumwambia mtu ashuke, maana nani huyo abaki juu na nyuki? "Shuka," nikasema. Akashuka, akajipangusa, akaninong'oneza, "Sasa unajua kwa nini babu zako walichukua miezi kufika pwani."

Watoto walimpenda. Wazazi, hapo sasa. Baba mmoja alilalamika kwamba alimwambia mwanawe alete maji, mtoto akamuuliza: kutoka wapi, kwa chombo gani, na niyaweke wapi? Akamzaba kofi. Mama mwingine akasema mtihani wa darasa la saba hauulizi habari za wapagazi. Maneno yakawa mengi. Na vile vitabu vilikuwa vya majaribio tu; kamati ya shule ilitakiwa iseme kama inavitaka au vipelekwe shule moja ya Igunga iliyokuwa ikiviomba. Mzaramo wangu akakosa usingizi. Wali akauunguza mara mbili. Aliniambia, "Wakichukua vile vitabu, mimi nitakuwa mwalimu wa kuandika ubaoni na kufuta. Hiyo kazi hata mvua inaiweza."

Kinga yake ilikuwa moja, mwenyekiti wa kamati. Huyu ni mfanyabiashara wa mchele pale Mtendeni, mtu wa zile familia za Kiarabu za tangu zamani, lakini mama yake Mnyamwezi mwenzangu, na Kinyamwezi chake ni cha kukulia zizini. Kwa upande huo wa mama, Mzaramo alimfanya mtani, na mwenyekiti akakubali. Akimwona tu barabarani anampigia kelele, "Mwangaluka!", yaani umeamkaje kwa Kinyamwezi, na Mzaramo anaziba masikio anakimbia, tai mgongoni, watu wazima wote wawili. Mwenyekiti alikuwa amekwisha sema waziwazi: vitabu vitabaki, wajukuu zangu wanavipenda.

Kisha shangazi wa mwenyekiti akafa.

Bibi huyo alikuwa mzee sana, na mji mzima ulimzika. Nilikuwepo. Jeneza limetoka, watu wanapokezana mabegani, kimya, tunakwenda. Kwenye kona ya barabara nikaona sufuria. Lilikuwa kichwani mwa Mzaramo. Amejifunga mkeka uliochanika kiunoni, tai juu ya mkeka, mwiko mkononi, amekaa katikati ya njia.

"Simamisheni!" akapaza sauti. "Huyu haendi popote! Bibi huyu kala ubwabwa wa kila harusi ya Tabora, mimi nakuta masufuria matupu! Leo anataka kuwahi na karamu ya huko ahera? Mteremsheni tugawane kwanza!"

Mmoja alicheka, nadhani ni mimi. Halafu hakuna aliyecheka. Waliobeba jeneza walisimama, wakatazamana. Mwenyekiti alikuwa mbele. Alimtazama Mzaramo kidogo tu, kama mtu anayesoma bango la dukani, kisha akapita pembeni yake, na jeneza likampita pembeni, na sisi wote tukampita, yeye katikati na sufuria lake.

Nikarudi nikamvuta kwa tai.

"Wewe, huyu ni shangazi yake!"

"Najua ni shangazi."

"Shangazi! Dada wa baba! Huko kwa baba yake wewe ni nani?"

Nikamwona uso ukimshuka. Sufuria bado liko kichwani. Angekufa mjomba, ile kazi ingekuwa safi, na mwenyekiti mwenyewe angemtupia shilingi za kufungua njia. Lakini kafa dada wa baba, na kwa watu wa baba Mzaramo si mtani, ni mwendawazimu aliyemtukana maiti.

Ya darasani nilisimuliwa na Tatu. Anasema Jumatatu mwalimu aliingia hana tai. Akachora ubaoni barabara, jeneza, na mtu mwenye sufuria. Wengine wakacheka, wengine waliokwisha sikia nyumbani wakainama. Akasema, "Huyu ni mimi. Kuna hatua imekosewa. Nani ameiona?" Hakuna mtoto anayetaka kumkosoa mwalimu juu ya msiba. Akangoja, kama anavyongoja yule mpagazi wa mtoni. Mwishowe Tatu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ulianza na kuzuia. Hukuuliza kwanza marehemu wa upande gani."

"Ningeuliza, ikawa upande wa mama?"

"Zuia."

"Ikawa upande wa baba?"

"Beba."

Akaandika hivyo hivyo: kama wa mama, zuia, la sivyo, beba. Akasema, "Mpigieni Tatu makofi." Tatu anasema wakapiga, na mwalimu akatoka nje, akachelewa kurudi.

Alikwenda kuomba radhi. Mimi nilimsindikiza, maana peke yake asingeiona nyumba. Mwenyekiti alitupokea barazani, akatupa kahawa na tende. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimekusamehe. Shangazi mwenyewe angecheka. Mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko wako. Lakini wadogo zangu hawakucheka, na wawili wamo kwenye kamati. Siku ya kikao sitaweza kukusemea. Nikikusemea nitakuwa nimemzika shangazi mara ya pili."

Akakaa kimya kwenye kikao, kama alivyosema. Wale wa mtihani wakasema mtihani, wale wa msiba nao wakasema mtihani. Hakuna aliyetaja sufuria. Vitabu vikatiwa kwenye maboksi, vishikwambi vikafungwa kwa mablanketi, vikapakiwa kwenye gari kwenda Igunga. Watoto walisimama kwenye uzio wanatazama. Mtoto mmoja akauliza kama mpagazi anaweza kupumua ndani ya boksi.

Basi mngedhani yameishia hapo. Siku chache baadaye nikasikia kelele uwanjani, nikachungulia. Mzaramo amechora miraba ardhini kwa majivu, uwanja mzima, kutoka kwenye bomba hadi choo cha walimu, na choo ndiyo bahari. Watoto wenyewe ndio wapagazi. Tatu ana mzinga wangu kichwani, sijui aliuchukua saa ngapi, wenzake wanapanga kadi za maboksi ya sabuni, yeye anatembea. Walimkosesha, akaingia kwenye mraba wa mto, akasimama. Akasimama kweli. Hata inzi alipomkaa puani hakumfukuza, maana hakuna kadi ya inzi. Nikapiga kelele kutoka kwangu, "Mzaramo, sasa umepata Wanyamwezi wa kukubebea!" Akajibu bila kugeuka, "Nimepata. Ila bado wanasimama kama wewe."

Akafundisha hivyo mpaka muhula ukaisha. Tai hakuirudia. Na nikaona anaacha kupita Mtendeni. Betri akanunua kwa bei ya juu kwenye duka la jirani.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa asubuhi, nakamua masega. Alitoka chumbani na begi, na tai shingoni. Nikajua.

"Unakwenda wapi umejifunga hivyo kama mbuzi wa mnadani?"

"Igunga. Uhamisho."

"Wamekufukuza?"

"Nimeomba mwenyewe."

Nikaacha masega. "Kwa ajili ya vile vitabu? Watoto si wanaendelea na majivu?"

"Wanaendelea. Tatu ananifundisha mimi sasa." Akatua begi. "Mwenyekiti akiniona bado ananiita. Mwangaluka, mwalimu. Kwa upole. Siku hizi sikimbii, naitikia. Unaelewa, mzee? Naitikia vizuri."

Hilo la kuniita mzee lilinitisha kuliko begi.

"Alikusamehe," nikamwambia.

"Alinisamehe. Mpagazi akiingia mtoni narudisha kadi moja, anatoka. Lile jeneza nitalirudisha kwa kadi ipi?"

Maswali kama hayo mimi huyajibu kwa matusi. Nikamwambia Igunga wana mchele mwingi, akauunguze wote. Akacheka. Nikamfungia asali kwenye chupa, nikamwambia ni mavi ya nyuki. Akaipokea kwa mikono miwili. Akafika mlangoni, akasimama, mgongo kwangu.

"Amri nyingine, Mnyamwezi?"

Angekuwa mtu mwingine ningesema neno. Kwa mtani utaanzaje? "Hakuna," nikasema. "Toka, unaniletea nzi."

Akatoka. Niliona kisogo chake, mgongo, begi, tai imerushwa begani na upepo. Mwisho wa uchochoro akakata kushoto. Stendi iko kulia. Nikaketi na masega yangu, nimekwisha andaa na tusi, nikimngoja arudi kuuliza njia.

Hakurudi.